Kadi ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza leo saa nane mchana. Mama alikuwa ameenda kununua chai, kwa hiyo ni mimi niliyekimbiza mikoba yote ya kibanda chini ya turubai. Naandika humu kwa sababu daftari hili lilibaki na kurasa nyingi nilipomaliza Form Four Novemba, na kwa sababu hapa hakuna mtu wa kuniambia niongeze sauti. Mama husema nauza mikoba kama mtu anayesali.

Hapa soko la Toi tuna sheria moja. Mkoba wa mtumba hauwekwi mbele ya wateja kabla hujatia mkono katika kila mfuko wake, na utakachopata ni chako. Nimewahi kupata sarafu za nchi nisizozijua, na picha ya mbwa aliyevaa sweta. Leo, ndani ya bitana iliyochanika ya mkoba mweusi, nimepata pakiti ya kadi zilizofungwa kwa kitambaa. Si za kuchezea. Zina picha: mnara unaopigwa radi, mwezi wenye uso, mifupa juu ya farasi. Nilimtumia Mercyline picha. Alijibu kabla sijaweka simu chini: "Hizo ni tarot. Usiuze. Niletee Jumapili."

Jumamosi, 9 Machi
Mvua. Tumeuza mkoba mmoja.

Jumapili, 10 Machi
Nimeenda mtaa wa Kawangware, upande unaoitwa Kongo, kwa dada yangu Marion. Ana mimba ya miezi tisa na anatafuna odowa, ule udongo wa wajawazito, kama mtu anayelipwa. Mumewe Boaz huunda milango ya chuma kando ya barabara. Mercyline anaishi chumba kinachotazamana na chao, uani. Tulikuwa darasa moja miaka minne. Mwalimu akiniuliza swali, Mercyline ndiye aliyejibu: "Audrey anasema ni B." Na ilikuwa B.

Alizitandaza kadi kitandani akazisoma huku akiangalia simu. Ziko sabini na nane. Ishirini na mbili ndizo kubwa, kila moja ina namba na jina. Unauliza swali, kadi inafunuliwa, nayo inakujibu. Marion alifunuliwa ile ya Jua, yenye mtoto juu ya farasi.

"Utazaa salama," Mercyline akasema.

"Sawa, lakini farasi atalala wapi kwa hii nyumba?"

Tulicheka sana. Nilipotaka kuondoka Mercyline akasema kadi zikae kwake, mimi nitazilowesha sokoni. Zilikuwa zangu. Nikamwachia. Sijawahi kumwambia Mercyline hapana.

Jumapili, 17 Machi
Marion amejifungua. Msichana, kilo tatu na kidogo. Ana nywele nyingi kama aliyepitia saluni kwanza.

Jumanne, 19 Machi
Kwetu Waluo mama halali nyumbani kwa mkwewe, kwa hiyo nimetumwa mimi. Nitakaa Kongo kumsaidia Marion mpaka mamake Boaz afike kutoka Busia. Anaitwa Nabwire, lakini tangu mtoto azaliwe sote tunamwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya. Mto umefurika kwao na barabara imekatika.

Jumapili, 24 Machi
Mtoto analia. Anaanza alfajiri, anameza pumzi, anaendelea. Majirani wamegonga ukuta mpaka wamechoka kugonga. Nesi wa kliniki alisema ni tumbo, litatulia.

Mama alikuja mchana na unga wa uji. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akasema, "Huyo anataka jina."

Najua desturi hiyo, angalau nilidhani naijua. Mtoto akilia bila kukoma, wafu wa ukoo hutajwa mmoja mmoja karibu na sikio lake. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Watu wa Boaz nao hufanya hivyo. Lakini wa kuyataja ni Kukhu, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wao na yeye ndiye anayewajua wafu wao. Simu yake haipatikani.

Jumatano, 27 Machi
Tumefaulu.

Marion hakuwa amelala tangu juzi. Mercyline aliingia na zile kadi mkononi. "Kama ni majina, haya hapa majina. Nyanya hayupo, kadi zipo."

"Jaribu chochote," Marion akasema. "Nitampa hata jina la supamaketi."

Mercyline alizifunua zile kubwa mbele ya uso wa mtoto, mimi nikimsomea jina la kila moja sikioni. Nilichaguliwa kwa sababu ya sauti yangu ndogo. Nikasema Mnara. Nikasema Nyota. Nikasema Gurudumu. Alizidi kulia. Kisha ikafunuliwa yenye namba kumi na mbili: kijana wa nywele za manjano, amening'inizwa mtini kwa mguu mmoja, kichwa chini, mguu wa pili umekunjwa nyuma ya goti.

Nikamnong'oneza, "Aliyetundikwa."

Akanyamaza. Mtoto akinyamaza huwa na kwikwi kwanza, halafu anatulia. Huyu alikatika kama redio iliyozimwa.

Mercyline akasoma maana kwenye simu: subira, kujitoa, kuyaona mambo kwa jicho jipya. "Ona hiyo. Jina la mtu mwenye busara."

Marion hakumsikia. Alikuwa amelala akiwa ameketi.

Alhamisi, 28 Machi
Hajalia. Marion amefua, amekula, ameimba.

Ijumaa, 29 Machi
Hajalia.

Jumatatu, 1 Aprili
Hajalia. Leo kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni karibu na kichwa chake. Mimi niliruka. Yeye hakupepesa macho.

Alhamisi, 4 Aprili
Halii, na sasa hanyonyi vizuri. Maziwa yanatoka pembeni mwa mdomo. Macho yako wazi, anatazama juu, mahali pamoja.

Kuna jambo jingine. Akilazwa, mguu wake wa kushoto unakunjwa nyuma ya goti la kulia. Marion anaunyoosha. Unarudi. Boaz akaushika kwa mkono wake mzima, yeye anayekunja vyuma, akauachia haraka.

"Una nguvu," akasema.

Jumatatu, 8 Aprili
Tumekuwa hospitalini siku tatu. Damu safi, mapafu safi, kichwa safi. Wamemwekea mrija wa maziwa na kutufundisha kuutumia. Daktari kijana aliniuliza kando, kwa upole, kama kuna mtu nyumbani amewahi kumdondosha. Nilitaka kumwambia juu ya kadi. Nikatikisa kichwa tu. Mtoto amepungua uzito kuliko siku aliyozaliwa, na daktari amesema akipungua tena hivyo hatajua la kufanya.

Nikiwa kimya mimi huitwa mpole. Naona sasa kwamba mtu anaweza kufa mbele ya upole wangu.

Alhamisi, 11 Aprili
Nimechukua kadi.

Mercyline ana wafuasi siku hizi. Kila jioni anasoma kadi kwenye TikTok akiwa amefunga kitambaa changu kichwani, kile cha pakiti. Niliingia bila kubisha. Simu ilikuwa imesimama kwenye kopo la maziwa na kadi ya kumi na mbili ilikuwa mbele yake.

"Niko live, Audrey," alisema akiwa ameuma meno. "Watu mia tatu."

"Nipe hiyo kadi."

"Jamani, huyu ni beshte yangu, rafiki wa tangu shule, ana haya tu. Audrey anasema—"

"Audrey anasema mwenyewe. Ni yangu. Nimeitoa kwa mkoba Toi, wewe umeitoa kwangu."

Alicheka, lakini akaifunika kwa kiganja. "Na mtoto si alinyamaza? Mlitaka anyamaze, amenyamaza. Sasa mnalilia nini?"

Nilikiinua kiganja chake kidole kimoja kimoja. Sijawahi kumgusa mtu hivyo. Mioyo ilikuwa ikipanda kwenye kioo cha simu, watu walidhani ni mchezo. Nilipofika uani kwenye mwanga nikaitazama kadi, nikakaa chini kwenye maji.

Kijana wa nywele za manjano hayupo. Aliyening'inia ni msichana. Nywele zake ni nyeusi, zimesukwa mistari ya kurudi nyuma. Ana mwanya.

Ijumaa, 12 Aprili
Sikulala na kadi ndani ya nyumba. Niliibana chini ya jiwe la kufulia. Asubuhi kadi ilikuwa kavu, ingawa jiwe lilikuwa limelowa.

Nikaenda nayo Toi kwa Mama. Sikumweleza kitu, nilimpa tu. Alikuwa akipiga mkoba rangi. Aliiangalia, akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Umepata wapi picha ya Akeyo?"

"Akeyo ni nani?"

Akafunga kopo la rangi. Akalifungua. Akalifunga tena.

Akeyo alikuwa mdogo wake wa mwisho. Mama yangu mdogo, anti yangu, na nimefika miaka kumi na minane bila kusikia jina lake. Alijitoa uhai akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye mti wa boma lao. Mama alinieleza yaliyofuata huku akiangalia barabara. Kwao, mtu aliyekufa hivyo haombolezwi. Alichapwa fimbo kabla ya kuteremshwa, ili asirudi. Alizikwa nje ya ua kabla jua halijatoka. Mti ulikatwa, mizizi ikachimbuliwa, vyote vikachomwa pamoja na picha zake. Mtoto haitwi jina lake. Na hakuna mtu aliyeruhusiwa kupiga nduru, hata nyanya yangu, mamake mzazi.

"Hata wewe?"

"Nilikuwa na Marion mgongoni, mchanga. Niliziba mdomo kwa leso mpaka leso ikaingia damu."

"Na alikuwa na shida gani?"

"Sikumuuliza," Mama akasema. "Hakuna aliyemuuliza."

Kwa hiyo hilo ndilo kosa letu. Sisi tuliokulia Nairobi tunajua nusu ya desturi: wafu hutajwa. Nusu ya pili, yaani wafu wasiotajwa, hakuna aliyetufundisha, kwa sababu kuifundisha ni kuwataja. Nilimnong'oneza mtoto sikioni "Aliyetundikwa", na mtu wetu mmoja tu ndiye aliyeweza kuitika.

Jumapili, 14 Aprili
Mvua tangu juzi. Hajalia. Leo mikono yake imekwenda nyuma ya mgongo. Mtoto wa wiki nne hawezi kufanya hivyo.

Jumanne, 16 Aprili
Kukhu Nabwire amefika na gumboots, kuku mmoja, na miguu iliyovimba. Alitembea kilomita kadhaa majini ili kupata gari. Alimbeba mtoto, akauona ule mguu, akalia bila sauti. Nilimpenda papo hapo. Naandika hili ili nisilisahau, kwa sababu ya kilichofuata.

Boaz alimwambia yote, pamoja na habari za Akeyo nilizowaeleza. Kukhu akataka kadi. Akaiweka sakafuni, akavunja fimbo kutoka ufagio wa nje.

"Kwetu pia ni hivyo," akasema. "Aliyekufa vile anachapwa ili ajue njia imefungwa. Mama Mtoto, shika mtoto. Mtu asiseme jina."

Akaipiga kadi mara moja. Marion akapiga kelele. Kwenye muundi wa mtoto palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Mtoto hakulia. Alifungua mdomo tu, kama samaki.

"Anatoka," Kukhu akasema, akainua mkono tena.

Nikaushika.

"Wewe msichana, unanishika mkono?"

"Nimekushika, Kukhu."

"Nimezika watoto watatu. Najua ninachofanya."

"Walishampiga huyo. Walimpiga siku ile ile. Kama fimbo ingefunga njia asingekuwa hapa."

Boaz alisema, "Audrey, huyo ni mamangu," na mimi nikasema, "Najua, shemeji," na sikuachia. Mkono wa Kukhu ulikuwa mwembamba kuliko wangu. Mwishowe fimbo ikaanguka yenyewe. Kukhu akasema kesho kutwa watakuja wazee wa kwao kutoka Kangemi, na wao hawatashikwa mkono.

Alhamisi, 18 Aprili
Nimekaa siku mbili nikiutazama ule mdomo unaofunguka bila sauti. Kila siku nilijiuliza Akeyo amemfanyia nini mtoto. Leo nilijiuliza amemnyang'anya nini. Hakumnyang'anya jina, kwa sababu tulimpa bure. Hakumpa ugonjwa, hospitali ilitafuta. Kitu pekee alichochukua, siku ile ile, kwa mara moja, ni kilio.

Msichana wa miaka kumi na tisa aliyezikwa gizani na hakuna aliyefungua mdomo. Nani asingechukua?

Nimemwambia Marion. Aliniangalia kwa macho makavu, akaanza kufunga nepi kwenye mfuko. Wazee walikuwa waje leo, mvua ikawazuia. Tunaondoka asubuhi kwenda kwa Mama, Kibera.

Ijumaa, 19 Aprili
Nitaandika yote.

Kukhu alituwahi mlangoni. "Mtoto wa ukoo wetu hatolewi nje bila jina."

"Atarudi nalo," Marion akasema.

"Na akifia njiani?"

Nilimwangalia Boaz. Alikuwa amesimama na miwani yake ya kuchomelea shingoni, katikati yetu na mamake. Halafu akavaa viatu, akachukua mwavuli, akatutangulia. Kukhu akafunga mlango nyuma yetu, akatufuata kwa hatua kumi nyuma mpaka Kibera.

Mama hakuwa ameenda Toi. Chumba chetu cha Soweto East kina mlango unaofungukia njia, na kufikia saa nne njia ilikuwa imejaa watu: wa kufua, wa maji, watoto wa likizo. Niliweka kadi mezani. Nikamweka mtoto kitandani, mguu umekunjwa, mikono nyuma. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Tulikuwa na mchana huo mmoja, kila mtu alijua.

"Mama, mlilie."

"Siwezi." Alikuwa ameshika leso. "Audrey, watu wa nyumbani wakisikia nimemwombolezea—"

"Wasikie."

"Ni miaka ishirini na mbili. Sijui pa kuanzia."

Mimi pia sikujua. Nimesikia nduru za matanga ya watu wengine, sijawahi kupiga. Nilisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Wanawake wa kufua wakaniangalia. Ni mimi, yule asiyesikika akinunua mkate. Nilimwambia aliye mezani, kwa sauti ya kawaida kwanza: "Anti, mimi ni Audrey. Nitakulilia mimi mwenyewe. Lakini huyu ni mtoto wa Marion, hukumzaa wala hakukukosea, na kilio chake utakirudisha leo."

Kisha nikafungua mdomo.

Nduru ya kwanza ilitoka mbovu, kama ya jogoo mdogo. Mtu akacheka. Ya pili ilitoka mahali nisipopajua, ikanipita, ikatoka njiani, na karai la mtu likaanguka. "Akeyo!" Nililitaja jina lake kama wanavyotajwa wafu wengine wote. "Akeyo, mtoto wa nyanya yangu! Akeyo, uliniacha kabla sijafika!" Ya tatu sikuwa peke yangu. Mama alikuwa nyuma yangu. Sikuwahi kujua kwamba mama yangu ana sauti kama ile. Alitoka nje, akashika kichwa, akaenda mbio mpaka kona na kurudi kwenye matope, kama wanavyofanya kwao.

Watu walijaa. Mama Khaemba wa duka la makaa akanishika bega. "Pole, pole. Nani amekufa?"

"Mama yangu mdogo."

"Woi. Lini?"

"Miaka ishirini na mbili iliyopita."

Nilingoja acheke. Alinitazama, akamtazama Mama pale matopeni, akavua kitambaa chake cha kichwa, akajifunga kiunoni. Naye akaanza. Wanawake wa kufua wakaanza. Hawakumjua Akeyo. Walilia kama watu wanaojua kulia, na nadhani kila mmoja alikuwa na wake.

Sikusikia mtoto. Ni Kukhu aliyesikia. Alikuwa amebaki ndani peke yake na mtoto, na alitoka mlangoni akiwa amembeba juu kwa mikono miwili, miguu yote inapiga hewa, uso mwekundu, mdomo wazi, na kwa kelele zetu ilibidi tunyamaze ndipo tusikie kwamba ule mdomo haukuwa mtupu.

Marion alikaa chini pale pale mlangoni akamnyonyesha. Alinyonya, akaacha ili alie, akanyonya tena.

Kadi ilikuwa mezani. Kulikuwa na mti. Hakukuwa na mtu.

Jumamosi, 20 Aprili
Mercyline amepiga simu mara nne. Ya tano nilipokea. Alitaka kadi irudi, pakiti haifanyi kazi ikipungua. Nikasema hapana. Akangoja niongeze kitu. Sikuongeza. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama mtoto amelia, na nikamwambia aje asikie mwenyewe, lakini kadi zake abaki nazo huko.

Ile moja niliisukuma kwenye jiko chini ya sufuria ya chai. Iliungua kama karatasi yoyote.

Chai ilikuwa ya wageni. Wamekuja tangu asubuhi, na sukari, na mkate, na kuni zilizolowa, kutupa pole. Kukhu anakaa kona ya mbali, amenipa mgongo. Amesema tumechanganya desturi za watu wawili na kuvunja zote. Amesema jina litatajwa atakapotaka yeye. Nikamwambia mtoto anaweza kukaa bila jina wiki nzima, hatuna haraka. Akanisonya. Lakini ni yeye anayembeba, na hamnyamazishi.

Saa tisa Mama Khaemba aliuliza kile kinachoulizwa matangani: "Na huyo Akeyo, alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama aliweka kikombe chini. Ilibidi apaze sauti, kwa sababu mtoto alikuwa akilia.

"Alikuwa mwongo," akasema. "Mwongo wa kuchekesha. Ngojeni niwaambie."